Fortunat Habumugisha: Nyumba Yake Haikuwa Baridi

Ndugu na jamaa, majirani wa Ndosho, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani, na ninyi pia mliosimama mbali kidogo kwa sababu hamtaki ionekane kwamba mmekuja: karibuni wote. Mimi ni Igihozo, dada mdogo wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Kabla sijaanza, mjue jambo moja. Kanisa letu lilikubali kutuongoza leo kwa sharti kwamba mtu mmoja asikae pamoja na familia. Mama alikataa sharti hilo. Mtu huyo ni nani, na kwa nini mama alikataa, nitayasema yote kila moja mahali pake.

Fortunat Habumugisha alizaliwa Kalengera, katika teritware ya Rutshuru, Jumamosi tarehe 14 Aprili 1984. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Muzee Sebagenzi na Mama Mukabalisa. Mama husema alikuwa mtoto wa maswali, kiasi kwamba wageni walipokuja kumtazama baba, walimkuta yeye kwanza mlangoni na wakachoka kabla ya kukaa. Aliuliza kwa nini ng'ombe halali chali na kwa nini mchungaji hufumba macho akiomba ilhali Mungu haonekani. Maswali hayo yalimletea fimbo chache na marafiki wengi.

Mwezi wa Oktoba 1996, vita ilipofika kwetu, familia ilikimbia kwa miguu kuelekea Goma. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo haya nayasimulia kwa kuyasikia. Baba mkubwa Habarurema, ambaye yuko hapa mbele yenu, alitoboa kopo la maziwa kwa msumari, akalitia makaa yanayowaka, akalifunga kwa waya na kumpa Fortunat alibebe. Viberiti vilikuwa vimelowa, na watoto walihitaji uji. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alilibembeza lile kopo njiani ili hewa iingie, akaokota vijiti huko Kibumba kuulisha moto, na mvua ilipowakuta hapa Kibati, tunapomzika leo, alilifunika kwa shati lake, yeye mwenyewe akabaki kifua wazi. Jioni ile uji ulipikwa kwa moto uliotoka Kalengera. Baba mkubwa amekuwa akisimulia habari hii kwenye kila harusi ya ukoo wetu, na kila mara mvua inazidi kuwa kubwa.

Masomo ya msingi aliyaanza Kalengera na kuyamaliza Goma. Alipokuwa sekondari, mlima ulitema moto, Januari 2002, na darasa lao likafunikwa na mawe. Walisomea chini ya turubai. Alipata diploma ya serikali mwaka 2003 kwa asilimia sitini na nane, kisha akaingia chuo cha ualimu, akatoka mwaka 2007 akiwa mwalimu wa hesabu.

Kuanzia Septemba 2008 alifundisha katika shule moja ya sekondari ya kanisa huko mjini. Siitaji kwa jina, wanaoijua wanaijua. Wanafunzi walimwita Maître Virgule, Mwalimu Koma, kwa sababu mtu akikosea kuweka virgule katika desimali, jibu zima lilikuwa limekufa, hata kama hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Alikuwa mkali darasani na mpole koridoni. Jumapili aliongoza sauti ya pili katika kwaya na kukaa benchi ya tatu upande wa dirisha. Wapo waganga wa hospitali na mainjinia waliopita mikononi mwake, na wengine wametuma salamu zao toka Bukavu na Kigali.

Hapa ndipo wasifu huandika habari za ndoa. Katika kikao cha familia, wengi walitaka niandike maneno mawili tu: hakuoa. Maneno hayo ni kweli. Lakini kaka yetu alichukia hesabu iliyoachwa katikati, nami sitamfanyia hivyo siku ya mwisho.

Mwaka 2011 Fortunat alikutana na Valentin Mulumeoderhwa, mtoto wa familia ya Kikatoliki ya upande wa Bukavu, karani wa forodha kwenye mpaka. Kuanzia Machi 2012 walikaa nyumba moja, Ndosho, yenye mlango wa buluu, hadi kifo kilipowatenganisha. Sisi wa ukoo tulimwita Valentin colocataire, yaani mpangaji mwenzake. Neno hilo lilitufaa sana. Liliingia kwenye sikukuu, likakaa mezani, likala pilau na kuondoka, bila mtu kulazimika kujua chochote. Fortunat aliliacha lipite, ila akilisikia alitabasamu kama mwalimu anayeona mwanafunzi ananakili jibu la jirani.

Mwezi wa Juni 2019 kuna mtu alipeleka maneno shuleni. Préfet, mkuu wa shule, alimwita ofisini na kumweleza kwamba kanisa lina uhuru wa kuendesha shule yake kufuatana na imani yake, kwamba uhuru huo unalindwa na sheria, na kwamba mwalimu anayeishi vile hawezi kubaki. Fortunat hakubisha kuhusu sheria. Alivyonisimulia mwenyewe, alisema hivi tu:

"Uhuru ya kusali ni yenu, Monsieur le Préfet. Lakini ni yangu pia. Minasalia kanisa moja na nyinyi, benchi ya tatu."

Alifukuzwa tarehe 28 Juni. Wiki iliyofuata kwaya nayo ilimwomba apumzike. Alimwendea wakili, Maître Cibalonza, ambaye hakumdanganya. Alimwambia kwamba sheria ya nchi haimwiti mhalifu, na katiba inalinda dhamiri ya kila mtu, naye akiwemo; lakini hakuna kifungu kinachosema waziwazi kwamba mtu kama yeye asifukuzwe, na upande wa pili utakuja na neno dini mkononi. Fortunat alifungua kesi hata hivyo. Alikuwa akisema uhuru wa dini ni mwavuli wa wote, ila kila akitaka kuingia chini yake anaambiwa umejaa. Kesi iliahirishwa mara nyingi, na ilikuwa bado haijaamuliwa mahakama za hapa ziliposimama kwa vita ya Januari 2025. Amekufa bila jibu. Hilo linaniuma, na sitalifunika kwa maneno matamu siku ya leo.

Kanisani hakuacha kwenda. Alihama benchi ya tatu akakaa ya mwisho, karibu na mlango, na aliimba sauti ya pili kutoka huko nyuma. Nyumbani alifundisha watoto wa jirani hesabu kwenye veranda. Wazazi waliokuwa wakimsema sokoni waliwaleta watoto wao mtihani wa taifa ulipokaribia. Aliwapokea wote, na alama za virgule aliwakata vilevile.

Mwezi wa Novemba 2022 vita ilimfukuza mama toka shamba lake la Kibumba. Tulitaka akae kwangu, lakini kwangu ni chumba kimoja, na Fortunat alikuwa na nafasi. Kwa hiyo mama alikwenda kukaa Ndosho. Nakumbuka alivyoingia amejifunga kitambaa hadi machoni, kama mtu anayepita mahali penye moshi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa, alijitwalia ufagio mwenyewe. Valentin hakumnyang'anya. Ila asubuhi, kabla mtu hajaamka, Valentin aliwasha mbabula, jiko letu la makaa, akachemsha maji ya mama ya kuoga, akayaweka mlangoni pake, akaenda zake kazini. Hakungoja shukrani, na kwa miezi kadhaa hakupewa. Siku moja mama alinituma nimnunulie Valentin koti la mvua. Nilimwuliza kwa nini. Alisema mutoto huyu analoba kila siku kwenye mpaka, kwani hakuna mwenye kumwona? Akaongeza kwamba nisichague la bei rahisi.

Tangu siku hiyo neno colocataire halikusikika tena kinywani mwa mama.

Ugonjwa ulianza Februari 2025. Miguu ilivimba, na waganga wakasema ni figo. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, dawa zilikuwa za kutafutwa, na safari ya kwenda kutibiwa mbali haikuwezekana. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ile ilikuwa na mtu mmoja aliyelala kwenye sakafu ya hospitali usiku wote na kwenda kazini asubuhi. Muuguzi alipomwuliza Valentin ni nani kwa mgonjwa, alijibu garde-malade, mtunza mgonjwa. Hilo ndilo jibu lililoruhusiwa. Palipohitajika mtu wa kukubali matibabu, garde-malade hakuwa na sauti, na nilitafutwa mimi sokoni, nikafika natokwa jasho kukubali mambo ambayo Valentin alikuwa ameyaelewa toka asubuhi.

Fortunat Habumugisha aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na moja. Mama alikuwa upande wa kichwa na Valentin upande wa miguu. Siku hiyo alizungumza vizuri. Alimwuliza mama kama mahindi ya Kibumba yamepandwa, na mama alimdanganya kwamba ndiyo.

Sasa nifike kwenye Alhamisi.

Wazee wa kwetu wana desturi. Mtu akifa bila mke na bila mtoto, huzikwa na kipande cha makaa yaliyozimika, maana moto wake umeishia pale na hakuna wa kuuendeleza. Si laana. Ni namna ya wazee ya kufunga mlango kwa upole, ili marehemu asirudi kutafuta alichokosa. Baba mkubwa Habarurema ndiye mkubwa wa ukoo, na Alhamisi, tulipokuwa tumekaa kwenye matanga pale Ndosho, alikuja na kipande hicho amekifunga katika kitambaa cheupe. Alikuwa analia. Naomba mtu asimhukumu. Alifanya alichofundishwa na baba yake, na alimpenda marehemu kuliko wengi walioimba vizuri hapa leo. Alisema kwamba kijana wake ameondoka peke yake, na kwamba atamwekea makaa haya yeye mwenyewe, asiguse mtu mwingine.

Valentin alikuwa amekaa karibu na mlango, mahali ambapo garde-malade hukaa. Alimtazama mzee na kitambaa chake, akainamisha kichwa. Angesema nini, na kwa jina gani?

Mama aliinuka kwenye mkeka. Mjane wa miaka sabini na mbili, mwenye magoti mabovu, aliinuka bila kushikwa. Alikichukua kile kitambaa mikononi mwa baba mkubwa, akakifungua.

"Muzee," alisema, "weye njo ulimupatiaka huyu mutoto moto mu njia ya Kibumba. Leo unamuletea makala ya kufa?"

Baba mkubwa alijibu kwa sauti ya chini kwamba hakuacha mke, hakuacha mtoto, na desturi ni desturi.

"Miye nililala mu hii nyumba," mama alisema. "Kila asubuyi nilisikia mutu anapuliza moto. Haikukuwa nyumba ya baridi. Mwenye alikuwa anapuliza, ule pale."

Akatoka uani, akakitia kile kipande katika mbabula iliyokuwa na sufuria ya chai, akapuliza mwenyewe mpaka kikashika. Kisha akarudi, akamshika Valentin mkono kutoka mlangoni, akamkalisha kwenye mkeka, upande wake wa kulia. Baada ya muda baba mkubwa aliomba chai. Akaletewa, akainywa yote, na kikombe akampa Valentin amwekee chini. Nanyi mliokunywa chai alasiri ya Alhamisi mlikunywa ya moto ule.

Siku iliyofuata mchungaji alituma habari za lile sharti. Mama alimjibu kwa heshima kwamba kanisa lina uhuru wake wa kusali na nani, naye anao wake wa kuzika na nani. Ndiyo sababu leo hamwoni joho lolote hapa, na sala ya mwisho ataiongoza mama.

Marehemu ameacha mama yake, Mukabalisa, na baba yake mkubwa, Habarurema. Ameniacha mimi, Igihozo, na wadogo zake wengine watatu, mmoja wao akiwa mbali. Ameacha wanafunzi wasiohesabika, pamoja na kesi moja isiyoamuliwa ambayo wakili wake bado anaitunza. Tena ameacha Valentin Mulumeoderhwa. Nilipokuwa naandika nilimwuliza mama niweke neno gani mbele ya jina hilo. Nilimtajia yale tuliyozoea, akayakataa yote mawili. Akasema niandike: mutu yake. Nimeandika hivyo, na hivyo ndivyo lilivyochapishwa kwenye karatasi mliyoshika.

Udongo wa kwanza utatupwa na mama. Wa pili utatupwa na Valentin. Baba mkubwa ndiye atakayempa jembe. Ameomba mwenyewe asubuhi hii.

Kaka, hapa Kibati ulivua shati lako ili moto usizimike. Lala salama sasa, kwa amani ya Bwana. Moto uko nyumbani, unawaka.