Ukoko na Takwimu

Kivuko cha Barra kilikuwa katikati ya mto, na Ndey Sohna, aliyekalia gunia lake la karanga, alikuwa akisikiliza yasiyomhusu. Kijana mmoja wa ofisi ya takwimu alikuwa akimweleza mama mwenye ndoo ya samaki matokeo ya utafiti wao.

"Watu wamebadilika, mama. Tuliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mke aliyeunguza chakula. Katika mia, watatu tu walisema ndiyo."

"Mwanangu, wali ukiungua si tunapata ukoko? Kwangu watoto wanaugombania, na baba yao yumo."

Ndey akameza mate. Ukoko ulikuwa udhaifu wake pia.

"Tuliuliza na mengine. Akitoka bila kuaga. Akibishana. Wengi walikataa."

"Hata mimi nilipoulizwa nilikataa, sababu moja baada ya nyingine." Mama akafunika ndoo yake. "Wangu hupiga bila sababu. Swali la hilo nililisubiri mpaka mwisho, halikuja."

Kijana akaanza kupekua fomu zake. Alikuwa bado anapekua kivuko kilipogusa gati.

"Acha hizo, mwanangu," mama akasema. "Nitwike ndoo."