Notisi ya Miaka Kumi na Miwili

Bi. Marieta Kwangu, ambaye wote tunamwita Mama Wankyo, anastaafu leo Ijumaa tarehe 30 Juni 1995. Amekitumikia kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bunda tangu tarehe 1 Julai 1966. Hiyo ni miaka ishirini na tisa, haijapungua hata siku moja. Nasema haijapungua kwa sababu kuna mtu alitaka kuipunguza, na nitamtaja.

Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu uandikwe na Florian, katibu wa tawi la wafanyakazi, maana yeye amesoma. Mimi Masatu niliishia darasa la pili. Lakini nimekaa getini tangu 1964, na anayekaa getini anamjua mtu kuliko anayekaa ofisini. Florian amenisahihishia herufi tu. Maneno ni yangu, na pale alipotaka kuyalainisha nilikataa.

Mama Wankyo alikuja kutoka Butiama akiwa msichana, akaajiriwa kushona magunia na vitambaa vya kufungia marobota. Siku ya kwanza nilimkagua mara mbili, kwa sababu alikuja na sindano yake mwenyewe. Mtu akija kazini na sindano yake, lazima ujiulize anataka kushona nini. Sikuona kitu. Kwa miaka ishirini na tisa sijaona kitu, na nimetafuta kweli.

Sifa yake kubwa aliipata wakati wa shida. Kuanzia mwaka 1979 mikanda ya mashine ilikuwa inakatika na mipya haipatikani. Meneja wa wakati huo aliandika barua Dar es Salaam, akajibiwa asubiri. Mama Wankyo hakusubiri. Alikwenda mnadani, akachagua ngozi ya ng'ombe, akaikata vipande virefu, akaviunga kwa uzi wa katani na kuvipaka mafuta mpaka vikalainika. Mafundi walimcheka asubuhi. Mchana walikuwa wanamshikia ngozi avute uzi. Mkanda ule ukazungusha mashine namba tatu msimu mzima, na baada ya hapo akazishonea mashine zote.

Ubaya wa mikanda hiyo ni kwamba joto lilipopanda mashine ilinuka kama bucha, na mbwa wote wa pale jirani Kabasa wakawa wanakuja kutafuta nyama. Siku moja nilitoa mbwa kumi na mmoja peke yangu, kwa fimbo moja. Hilo halijaandikwa popote, ndiyo maana naliandika hapa.

Sasa nije kwenye barua.

Mwezi wa nane mwaka 1983 Mama Wankyo alitaka kuacha kazi. Wakati wa chakula watu wakaanza kumshauri kuhusu notisi. Mhoja, fundi wa mota, alisema masaa ishirini na nne yanatosha: unaandika leo, kesho huonekani, unasamehe mshahara wa mwezi, basi. Florian akasema hapana, mtu wa mshahara wa mwezi anatoa notisi ya mwezi. Mimi nilisema masaa ishirini na nne ni ya mwizi. Mnaukumbuka mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi. Ukikutwa na sabuni tatu nyumbani unaulizwa umezitoa wapi, na anayekimbia kazi usiku mmoja atafuatwa na askari kabla hajafika Musoma. Akanisikiliza mimi. Akaandika mwezi mmoja, "kuanzia siku barua hii itakapopokelewa," kwa sababu zake binafsi.

Sababu hizo zilininyima usingizi. Wengine walisema kuna mwanamume mvuvi huko upande wa ziwa. Wengine walisema mama yake anaumwa. Mimi nilifikiria mpakani Sirari na magendo ya vitenge. Nilimuuliza wazi getini, akanijibu, "Mzee Masatu, wewe kagua kikapu. Sababu zangu sizibebi humo."

Barua aliipeleka masjala kwa Silasi. Silasi ni mtu wa utaratibu. Barua bila muhuri wa kupokelewa haiendi kwa meneja, na wino wa muhuri ulikuwa umekauka tangu Pasaka. Kuandika tarehe kwa mkono alikataa, akasema mwaka huu karatasi isiyo na muhuri inaweza kumfunga mtu. Akamwambia aje Jumatatu. Jumatatu wino hakuna. Ikaja Jumatatu nyingine, na nyingine. Mama Wankyo akawa anapita masjala, anauliza, halafu anakwenda kushona mikanda. Wino ulipokuja, ukaja na barua nyingi za watu wakubwa, na ya kwake ilikuwa imeshafungiwa kwenye faili. Naye alikuwa ameacha kuuliza.

Miaka ikapita. Wananchi wakaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje, sabuni zikajaa madukani, na mwaka jana watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba. Kiwanda kikapata mwenyewe mpya, na mwenyewe akatuletea Bwana Rafaeli, afisa utumishi. Bwana Rafaeli ana viatu visivyosikika. Unageuka, yupo nyuma yako. Mtu wa namna hiyo mimi huwaga simwamini, na nilimwambia hivyo wiki ya kwanza. Akaanza kufungua mafaili, akitafuta nani wa kupunguzwa.

Tarehe 31 Mei aliitwa Mama Wankyo. Tuliitwa pia Florian, Silasi na mimi. Bwana Rafaeli alikuwa ameshika barua ile ya 1983, imegeuka rangi ya chai. Akasema kwa upole sana kwamba huyu mama aliacha kazi kwa hiari yake miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu hapo alikuwa kibarua tu, kwa hiyo utumishi wake unahesabiwa mpaka 1983, na nyumba ya kiwanda anayokaa aiachie kabla ya Jumapili.

Silasi aliangalia chini. Nami niliona ile hila ilivyotengenezwa, nikamuuliza Bwana Rafaeli swali moja. Nani aliyeruhusiwa kupita getini kwangu? Akasema wafanyakazi. Nikamkumbusha kwamba vibarua hupita kwa orodha ya siku, ninayoletewa asubuhi. Nikamwambia aniletee orodha hata moja, ya siku moja, yenye jina la Marieta Kwangu. Hakuna. Nikamwambia, "Kama huyu si mfanyakazi, mimi nimeingiza mgeni kiwandani kila siku miaka kumi na miwili. Niandikie barua ya kunifukuza kwanza mimi."

Hakuiandika. Akamgeukia Mama Wankyo, akamuuliza kwa ukali kidogo: kama hukuacha kazi, mbona uliandika barua? Na kama uliacha, mbona ulikuwa unakuja?

Mama Wankyo akasema, "Nilikuwa nasubiri majibu, baba."

Hapo Florian akapata nguvu. Akachukua barua, akasoma kwa sauti yale maneno ya "kuanzia siku barua hii itakapopokelewa," akamwonyesha Bwana Rafaeli pembeni pale muhuri unapokaa. Peupe. Haijapokelewa. Notisi haijaanza. Bwana Rafaeli aliigeuza barua, akaangalia na nyuma, kama mtu anayetafuta sarafu.

Nilidhani imekwisha, mama arudi kwenye mikanda yake. Kumbe yeye alikuwa na yake. Aliichukua barua ile, akaiweka mbele ya Silasi.

"Silasi, leo wino upo?"

"Upo, Mama Wankyo."

"Basi piga."

Silasi akampigia. Tarehe 31 Mei 1995. Muhuri ulitoka safi. Na kwa kuwa mama alikuwa ameshatimiza miaka hamsini na tano, umri wa kustaafu, Florian alisimama hapo hapo mpaka Bwana Rafaeli akaandika neno "kustaafu" kwenye faili, na utumishi wote tangu 1966.

Wiki mbili baadaye walijaribu mashine kabla ya msimu. Mikanda mipya ya mwenye kiwanda, iliyokuja kwa lori na risiti, ni myembamba kuliko puli zetu, yale magurudumu yanayozungushwa na mkanda. Iliruka yote. Bwana Rafaeli akamfuata Mama Wankyo nyumbani, na nilihakikisha nimepita hapo karibu, maana sikujua anafuata nini. Alimwomba aongeze miezi mitatu. Akasema notisi ya mwezi mmoja ni fupi mno kwa mtu mwenye ujuzi kama wake, kampuni haiwezi kujipanga.

Mama Wankyo alimwangalia mpaka mwisho. "Nimewapa miaka kumi na miwili," akasema. "Mlikuwa mnapanga nini?"

Lakini siku zilizobaki alimfundisha Jeska, mwenzake wa kushona magunia, kushona ngozi, na Jeska anaweza.

Mama Wankyo, wenzako tunakushukuru kwa mikanda, kwa uvumilivu, na kwa kutowahi kunitukana getini ingawa wengine walinitukana. Nenda Butiama ukae kwa afya na watu wako, ulime unachotaka, uamke saa unayotaka. Ofisi ikikuandikia barua, usiipokee.