Madam Ndeti na Bambo Lake

Kwanza mjue, ninyi mnaosoma karatasi hii, kwamba mimi Kivuva wa Zombe nilizaliwa na bahati. Katika mameneja tisa wa maghala yetu, Kitui na Makueni, ni mimi peke yangu ambaye Madam Ndeti hakuwahi kumpata na kosa. Kila akija, nafaka safi, sakafu imefagiwa, hata ndevu nimenyoa. Wengine sijui walikuwa wanafanya nini.

Basi. Madam Mumbua Ndeti anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1993, baada ya miaka ishirini na tisa katika Ushirika wa Maghala. Aliingia 1964 kama karani wa kupokea magunia Kathonzweni. Mwaka wa 1972 alirudi kutoka kozi Nairobi akiwa mkuu wa mafunzo ya wafanyakazi. Idara yenyewe ilikuwa meza moja, ubao mmoja, na yeye. Polepole akapata walimu sita.

Kozi yake ya mameneja mgongo wangu unaikumbuka mpaka leo. Siku ya kwanza hakuna daftari. Unavua tai, unabeba magunia kutoka asubuhi mpaka saa kumi, na anayekuamuru ni mpakiaji. Bwana Nzomo wa Kiboko, mtu wa kilo mia na kitu, alibeba manne akakaa chini. Mpakiaji akamsimamia: "Meneja, amka. Si juzi uliniita mvivu?" Wiki iliyofuata Bwana Nzomo aliagiza mikokoteni miwili ya kubebea magunia. Wapakiaji walikuwa wameiomba miaka minne.

Lakini kufunza ni kitu kimoja, na kujua kama mafunzo yameshika ni kitu kingine. Sisi ni watu wa kanisa. Ukituuliza neno mwisho wa kozi, tunasimama kutoa ushuhuda, na fomu za tathmini tulizijaza hivyo hivyo. Umejifunza nini? "Namshukuru Mungu aliyetufikisha salama." Ni nini kirekebishwe? "Mwalimu abarikiwe." Waliobaki walisifu muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa mpishi wetu Nzilani, na kwa kweli ulistahili. Kwa miaka kumi na tatu Madam alituma fomu hizo makao makuu Nairobi, na Nairobi ikafurahi.

Halafu ukaja ule ukame wa 1984. Watu walipanga foleni ya chakula huku wadudu wakila ndani ya maghala yetu. Mwaka uliofuata makao makuu yakaandika barua: kama mafunzo ni mazuri hivyo, mbona nafaka inaliwa? Idara ya mafunzo itafungwa mwisho wa Septemba, Madam na walimu wake sita waende nyumbani, isipokuwa alete ushahidi kwamba kazi yao inasaidia. Madam alikuwa mjane mwenye watoto wanne shuleni.

Hakuitisha mkutano. Alichukua bambo, kile chuma chembamba cha kudunga gunia na kuchota punje, akapanda lori la Dirie, msafirishaji wetu wa kutoka upande wa Garissa. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu kozi ya mwisho. Madam alisema kwamba darasani kila mtu ni hodari. Yeye anataka kumwona mtu akiwa kwake na hajaambiwa kuna mgeni. Ghala baada ya ghala, alidunga magunia ya katikati, yale ambayo hakuna mtu huyafikia.

Maghala sita yalikuwa safi. Matatu ya mwisho, aibu. Katika la nane Dirie alishika gunia akaliachilia haraka. "Wallahi hili liko hai! Nikilipakia litashuka lenyewe." Bambo lilitoa unga na wadudu. Magunia yalikuwa yameegemea mabati ya ukuta, yamelala juu ya udongo, na dawa ya kufukiza iko kabatini kwa sababu meneja aliogopa kuifungua. Cheti chake cha kozi kilikuwa kimetundikwa mlangoni, na kioo juu yake.

Meneja alimfuata mpaka kwenye lori. "Madam, nakusihi, andika tisa safi. Nani atajua? Ukiandika ukweli, wewe na mimi tunaenda nyumbani."

"Watakaokula hayo mahindi watajua," akasema Madam. "Sasa niambie. Kupanga magunia si nilikufunza?"

"Ulinifunza, Madam. Lakini kule darasani Kitui tulipanga magunia matupu juu ya simiti. Na dawa tuliiona kwenye picha."

Madam akafungua daftari. "Basi nusu ya kosa ni yangu," akasema, na akaliandika.

Ripoti aliyotuma ilisema hivi: sita safi, matatu mabovu, na sababu moja ni kwamba mimi Ndeti nilifunzia mahali pasipofaa, naomba miezi mitatu nifunzie ndani ya maghala. Walimu wake walianza kufunga mizigo. Sisi tuliomba katika kila kanisa, na Dirie akasema hata msikitini ametuwekea neno.

Wiki mbili, kimya. Kisha Bwana Kilonzo, mkubwa wetu Nairobi, akapiga simu. Alisema hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kutoka kwetu yenye kitu kibaya ndani, kwa hiyo ndiyo ya kwanza aliyoisoma mpaka mwisho. Miezi mitatu, wamepewa.

Darasa likahamia kwenye vumbi na joto la mabati, na magunia yaliyojaa. Kila meneja alifungua dawa kwa mkono wake, Madam amesimama kando yake. Mwisho wa miezi hiyo Bwana Kilonzo alikuja mwenyewe na kudunga magunia ishirini kila ghala. Katika lile la nane meneja alibaki nje. Bambo likatoka na mahindi makavu, meupe. Kilonzo akayatafuna, akatikisa kichwa kukubali. Madam alikaa juu ya gunia, akavua viatu, akacheka mpaka akalia. Jamani, siku hiyo tulipumua.

Idara haikufungwa. Tangu hapo hakuna anayepewa cheti kabla ya kutembelewa baada ya miezi mitatu, na magunia tunayopoteza kwa mwaka mzima yanatosha mkokoteni mmoja.

Madam, asante. Nenda Kathonzweni ulale mpaka jua lipande, kunde zako zizae, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na mtu asikutembelee bila kukuambia.

Na ile bahati yangu ya pale juu ni uongo. Ghala la nane lilikuwa langu.