Khelef bin Marhoun na Ukuta Ulionyimwa Pumzi

Mliyemzika juzi, na leo mmekuja kumsifu, ni Khelef bin Marhoun. Alizaliwa Malindi, Unguja mjini, tarehe 9 Juni 1931.

Alihitimu Kurani akiwa na miaka tisa, akasoma skuli ya serikali mpaka darasa la sita. Lakini elimu iliyomkaa aliipata kwa baba yake, fundi wa chokaa: kuichoma, kuiroweka, kuiponda mpaka iwe laini kama samli.

Mwaka 1958 alikwenda kumposa Bi Asya. Hata hajakaa kitako, akagonga ukuta kwa kidole. "Ukuta huu unakunywa maji, mzee," akasema. Mkwe alikasirika. Kesho yake alimwita aje autengeneze, na harusi ikapita.

Mwaka 1974 alirudi hapa Samad Ash Shan, Omani, kwa babu zake, akawa msimamizi wa ujenzi mpaka alipostaafu 1991. Mapenzi yake yalikuwa Msikiti wa Falaji, ule wa kando ya mfereji wetu wa maji. Ndiye aliyewasomea maandishi ya mihrabu: mwaka 667 wa Hijria, na jina la fundi aliyeichonga. Ndiye aliyewaonesha kuwa kuta zake za udongo zina unene wa dhiraa mbili ili ndani pawe baridi, na kwamba vile vibakuli vya Kichina vya mihrabuni vilipachikwa baadaye. Miaka zaidi ya mia saba msikiti ule ulisimama bila kamati.

Kamati ikaundwa 1997. Ramadhani ilikuwa mlangoni, wakataka kuta zing'ae, wakaleta simenti. Marehemu akamwendea mwenyekiti, Sheikh Hamdun.

"Ya sheikh, ukuta wa udongo unapumua. Ukiupaka simenti maji yatabaki ndani. Wallahi utaoza."

"Wewe Zinjibari umekuja jana," akajibiwa mbele ya watu. "Simenti haiogopi mvua. Khalas."

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, mwenyeji akaikataa dawa. Inauma mpaka leo.

Mvua za Januari mwaka huu, 2003, ukuta wa kibla ulianguka pamoja na mihrabu. Kamati ikaleta tingatinga. Mzee wa miaka sabini na moja akasimama mbele yake mpaka likarudi. Kisha siku kumi na moja alifukua matope ya baridi kwa mikono, akipanga vipande vya mihrabu katika makatoni ya tende, kila kipande na nambari yake. Wengi wenu mlipita mkamwamkia. Hakuna aliyeinama kumsaidia.

Alipata kichomi, hakuinuka tena. Alifariki hospitalini Ibra, Ijumaa tarehe 14 Machi.

Ameacha mjane, Bi Asya, aliye edani, watoto Badar, Raghad na Reem, wajukuu saba, na makatoni kumi na tisa.

Asubuhi ya kufa kwake alimwambia Badar, anayewasomea maneno haya: "Hamdun nimemsamehe, mwanangu. Uwaambie watu. Na vipande wapeni, waujenge tena ukuta."

Basi mmeambiwa. Vipande mtapewa. Badar hajasamehe.

Mola ampe Khelef raha kaburini, maana nyinyi duniani hamkumpa.