Jeneza Kule, Masepetu Huku

Niinue, Latifa, uniegemeze kwenye mto, nisije nikasema maneno mazito nimelala chali kama mwenye kuhesabu makuti. Faraji, ingia ndani, mwanangu, mlangoni hukaa mgeni. Na wewe Hassani usigeukie ukuta kwa sababu kaka yako ameingia. Nawaona wote watatu, alhamdulillahi, na pumzi ingalipo, basi tegeni masikio, maana aliye karibu na safari hasemi mara mbili.

Shamba la mikorosho msilikate vipande. Ile miche tuliifuata Naliendele, kwenye kituo cha kilimo, mimi na marehemu baba yenu, tukaibeba vichwani, Latifa uko mgongoni. Palilieni pamoja, pulizeni salfa pamoja, na kila mmoja ale fungu lake kama Mungu alivyoamrisha. Kinu changu na mkeka wa ukili mpelekeeni mwalimu Doris. Najua mtanuna, mtasema Mkristo yule, mtu wa kuja kutoka Njombe. Lakini nilipoanguka nyinyi mlikuwa mikutanoni, na uji nimeunywa mkononi mwake.

Ya mali yamekwisha. Sasa niseme lile linalonikaba.

Mtaa huu tulikuwa watu wa kufa na kuzikana. Kila nyumba ilitoa debe lake la korosho, tukanunua vyombo vya msiba: jeneza, masufuria makubwa, masepetu, turubai. Vikawekwa msikitini, havina mwenyewe. Ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa, Faraji ukashinda kwa chama chako, Hassani na wenzake wakasema kura zimeibwa, na vumbi halijatua mkagawana vyombo vya maiti kama watu waliotalikiana. Upande wa Hassani ukabeba jeneza na masufuria, upande wa Faraji ukabeba masepetu na turubai. Nilidhani mnatania. Nani hugawana jeneza?

Kisha akafa Nasra. Hassani, ulimchimbia mwanao kaburi kwa jembe la palizi, mpini ukakuvunjikia mikononi, na masepetu yamefungiwa ndani kwa kaka yako. Faraji, ulisimama barabarani na kofia mkononi. Nilikuona. Uliogopa wenzako wa chama watasema nini, ukageuka ukaenda zako, na yule mtoto alikuwa akikuita baba mkubwa. Na wewe Hassani, alipofariki mkwe wa kaka yako ulikataa kutoa jeneza, mzee wa watu akapelekwa makaburini kwenye kitanda cha kamba, miguu inaning'inia. Msiniambie nani alianza. Mimi wote ni matumbo yangu, na yote mawili yaliniuma.

Kila nikiuliza naambiwa, mama, hiyo ndiyo siasa. Kwako Faraji siasa ni kiti, nani amekikalia na nani ameshika muhuri. Kwako Hassani siasa ni haki, na mwenye kuonewa hapeani mkono na aliyemwonea. Latifa wewe hujifunga khanga ukasema siasa ni uchafu, mimi simo. Humo vipi? Siku wanagawana vile vyombo ulikuwa uani unachambua kisamvu, ukasikia kila neno, ukanyamaza, na kunyamaza kwako waliokuwa wakigawana walikuona ni ridhaa. Baba yenu naye aliambiwa siasa ni kilimo. Tukaimba, kisha tukahamishiwa kijijini, na mikorosho ya babu yenu tuliyoiacha nyuma ikamezwa na pori. Nimezisikia maana zote hizo, wanangu, na hakuna hata moja iliyonibebea maiti.

Mimi sikusoma. Siasa niliyoijua ni ya uani, kwenye msiba. Wanawake tusiopendana, huyu jana kakusengenya, yule kakunyima moto, tunakaa kwenye jiko moja tunaamua nani atwange, nani achote maji, nani apakuliwe mwanzo. Tunagombana mpaka sauti zinakauka, tunaridhiana, na maiti anazikwa kabla ya alasiri. Hiyo ndiyo niijuayo: watu wasiopendana, wakazikana. Wanaopendana hawana haja nayo.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nyinyi mmegombana mpaka watu wamelima, wamevuna, na sasa wanapanda tena.

Nipe maji. Kidogo tu... inatosha.

Latifa, sogea. Nyoosha mkono. Huu ni ufunguo wa chumba hiki. Nikikata roho, unioshe, univishe sanda, kisha ufunge mlango kwa nje. Usimfungulie sheikh, usimfungulie mwenyekiti, usimfungulie mtu, mpaka uone hapo uwanjani jeneza kaleta Hassani mwenyewe, na masepetu kaleta Faraji mwenyewe. Mwanamke hupokewa kaburini na wanawe. Basi wachimbe wote wawili, washuke wote wawili, na masufuria yapikie watu wote chini ya turubai lile lile.

Najua maiti huharakishwa. Msinifundishe dini leo. Haraka hiyo ni yenu, mimi nitakuwa nimeshafika. Mkishindwa kuja, niacheni humu humu. Nikianza kunuka, harufu itaingia kwa wa chama hiki na wa chama kile, wala haitamwuliza mtu kadi.

Usilie, Hassani. Ungelia siku ile ya Nasra ungemsikia kaka yako naye analia, alikuwa karibu... Faraji, mkono wako uko wapi? Huu ni wa nani? Sioni vizuri.

Radhi yangu mnayo, ile ya maziwa na ile ya uchungu. Mungu awape wajukuu wengi, na wajukuu hao wa... wazikane. Nilazeni. Ubavu wa kuume, uso kibla, hivyo.

Mtavileta vile vyombo, wote wawili? Hassani... Faraji...

Latifa, ufunguo unao? Kaza mkono, mama. Kaza.