Ignace Bisimwa na jina la pili kwenye jalada

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Yeoville, tunaomba utulivu wenu, tuwasomee maisha ya mpendwa wetu Ignace Bisimwa Ntwali, kama tulivyoyakusanya nyumbani wiki hii, kila mmoja akileta anachokumbuka na mwingine akimsahihisha. Anayesoma ni Thierry, mdogo wake, kwa niaba ya familia.

Ignace alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Kaziba, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa mzee Ntwali, seremala, na mama Victorine, mwimbaji wa kwaya. Alisoma shule ya msingi palepale Kaziba, sekondari Bukavu, akamaliza mwaka 1981, akaingia chuo cha ualimu, na Septemba 1985 akapata nafasi ya masomo China, safari ambayo mama yake aliililia kama msiba. Huko Wuhan, baada ya kuhangaika na lugha na chakula, alikutana na maandiko ya kale ya Utao, mafundisho ya hekima ya Wachina, yakamshika asibanduke tena.

Wachina husimulia kwamba mafundisho hayo yaliandikwa na mzee mmoja, mtunza nyaraka wa mfalme, aliyechoshwa na mambo ya ikulu, akaondoka kuelekea magharibi, na alipofika mpakani ofisa wa lango akamsihi asipite kabla hajaacha maneno yake. Ignace, ambaye baadaye alivuka mipaka mingi na kusumbuliwa kwenye yote, alimpenda sana ofisa yule, akisema ndiye pekee aliyemdai msafiri hekima badala ya karatasi. Lakini hadithi yenyewe hakuiamini. Vipande vya mianzi na vitambaa vya hariri vilivyofukuliwa makaburini vilionyesha maneno yaleyale yakiwa mafupi hapa, yamepangwa vingine pale, naye akawa upande wa wataalamu wanaosema ni kazi ya mikono mingi, walimu na wanafunzi wa vizazi kadhaa, waliokariri, wakaongeza, wakapunguza, mpaka jina la mzee mmoja likawafunika wote. Huko kufunikwa ndiko kulikomuuma.

Alirudi Bukavu mwaka 1991, akafundisha, na tarehe 7 Agosti 1993 akamwoa Jeannine Nabintu, fundi cherehani, ambaye alimkataa mara ya kwanza kwa sababu suruali yake ilikuwa fupi, kisha akaishona upya, akamkubali pamoja nayo. Mungu aliwajalia watoto watatu, Victoire, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1995, Cédric, 2003, na Murielle, 2006, hawa wawili wakiwa wazaliwa wa Johannesburg, wanaosikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kizulu. Vita viliwatoa nyumbani, wakapita Tanzania, Zambia na Zimbabwe, wakafika hapa Novemba 2001. Ignace alilinda jengo kule Hillbrow, akawa mkalimani wa wafanyabiashara wa Kichina, na kuanzia 2009 alifundisha chuo kikuu, kwa mkataba wa mwaka hadi mwaka, mpaka alipougua.

Mwaka 2014 yalizuka maneno kanisani kwamba Ignace, Papa Victoire kama walivyomwita, amehamia dini ya Kichina, na wazee wa kanisa wakaja nyumbani kumwombea. Jeannine aliwapikia fufu na sombe, wakaomba, wakala, kisha Ignace akawaeleza utafiti wake kwa mfano wa nyimbo za kwaya zilizokuja na wakimbizi, ambazo Uvira waliongeza ubeti, Kigoma wakaongeza mwingine, na leo tunaambiwa zote alizitunga marehemu mchungaji mmoja. Wazee walianza kubishana ubeti upi ni wa nani, wakaondoka jioni wakibishana bado, na habari ya dini ya Kichina ikapoa, ingawa haikwisha.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuyatia maandiko hayo katika Kiswahili, pamoja na maelezo ya asili yake. Kuanzia 2015, kila Jumapili baada ya ibada, alimweleza Jeannine maana ya kifungu, naye, mguu kwenye cherehani, alimwambia aseme hivi, asiseme vile, maana vile hakuna mtu anayesema, na Ignace akaandika. Mwaka 2022, alipokuwa akipitia kazi nzima, alitambua kwamba sentensi alizozipenda zaidi zilitoka kinywani mwa mkewe, akamwomba jina lake nalo likae kwenye jalada. Jeannine alikataa. Yeye ni shemasi, aliogopa maneno yasianze upya, na alisema kazi yake ni nguo. Ignace alimbembeleza, akatania, akanuna, akarudi kubembeleza, akisema hawezi kumfanyia mke wake mwenyewe jambo lilelile analolilalamikia kwa niaba ya watu wa miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita.

Ugonjwa wa figo ulimwanza Agosti 2023, na tangu hapo alikuwa akisafishwa damu hospitalini, karatasi za kitabu zikiwa magotini. Kitabu kilikamilika mwezi Aprili mwaka huu, mchapishaji akawa anasubiri jalada tu. Wiki yake ya mwisho aliuliza tena, na Jeannine akamjibu kwamba apone kwanza, watazungumza nyumbani. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkewe amemshika mkono, bila kupata jibu. Jambo hili limemtesa sana shemeji yetu, na hatuoni sababu ya kulificha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa jengo letu, hasa Mama Orpha, ambaye jiko lake halijapumzika wiki nzima, wenzake wa chuo kikuu na wanafunzi wake, mafundi cherehani wa mtaa wa Rockey waliofunga vibanda leo, na kanisa lote.

Limebaki neno moja, ambalo Jeannine ameagiza lisomwe mbele ya wazee wa kanisa. Jumatano, alipomaliza kushona suti ambayo Ignace amevaa leo, alimwita Victoire, akamwambia amwandikie mchapishaji kwamba majina ni mawili, Ignace Bisimwa na Jeannine Nabintu. Alisema mume wake aliwatafuta miaka yote watu waliofunikwa katika maandiko yale, hakumpata hata mmoja kwa jina, basi angalau huyu ampate.

Jibu lako ndilo hilo, Ignace. Lala sasa kwa amani.