Risala ya Wakazi wa Meergeduld Kuhusu Nesi, Pilipili na Viti vya Nyuma

Mgeni rasmi, Daktari Yolande Hinckson, mkuu wa mafunzo ya afya ya akili vijijini. Bwana Mwenyekiti wa kijiji. Nesi wetu Rohini Sukhdeo, ambaye tangu asubuhi anakwepa macho yetu. Mabibi na mabwana.

UKARIBISHO

Sisi wakazi wa Meergeduld tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu, ingawa jicho moja tumeliacha kwenye gari lako. Karibu roti, karibu kari ya bata. Dereva wako amekwishakula mara mbili, na ndiye aliyetutia wasiwasi. Tutamfikia.

HISTORIA FUPI

Jina la kijiji tuliachiwa na Waholanzi, na tunaambiwa maana yake ni "subira zaidi". Tumeitumia yote. Tunalima mpunga. Tumezika pia watu wetu waliojiua, ambao hatutawataja kwa sababu mama zao wamekaa safu ya mbele. Wataalamu walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Kundi moja lilikuja na gari jeupe lililoandikwa ubavuni "Usijiue, Tuongee". Likisimama mbele ya nyumba yako, chai haijapoa kijiji kizima kimeshaanza kukuombea. Watu wakafunga madirisha.

MAFANIKIO

Mwaka juzi mlimfundisha Nesi Rohini, na tunakiri mlimfundisha vizuri. Mlimwambia amuulize mtu waziwazi kama anafikiria kujiua, kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Naye akatufundisha sisi, tukapitiliza. Timu yetu ya kriketi iliposhindwa, nahodha aliulizwa swali hilo na nusu ya uwanja kabla hajavua pedi za miguuni. Alijibu, "Mimi mzima, muulizeni mrusha mpira."

Lakini nesi aliongeza la kwetu. Haji na gari. Anasimama kwenye daraja la ubao lililo mbele ya kila nyumba, juu ya mtaro, anaita "Ndani!", ambayo ndiyo hodi yetu sote hapa, kisha anaomba pilipili. Siku hizi mtu akisema "jana niliombwa pilipili", tunaelewa, na hatuchimbi.

Chukua mfano wa Anko Boodram. Ruhusa ya kumtaja ametupa mwenyewe, kupitia dirishani: "Semeni, ila msinifanye maskini mbele ya wageni." Alipofiwa na mkewe alijifungia. Nesi akafika darajani.

"Ndani!"

"Hakuna mtu."

"Basi huyo asiyekuwepo anigawie pilipili."

Akamletea. Nesi akamuuliza lile swali. Anko akamsogezea kiti, akasema, "Kaa." Nesi alipoondoka alikuwa na ufunguo wa stoo ya dawa za shamba, na Anko ndiye aliyempa kwa hiari yake. Mpaka leo uko shingoni pa nesi. Anko akitaka kunyunyizia mpunga, wanafungua pamoja, wanabishana kuhusu kriketi, wanafunga.

CHANGAMOTO

Mlituambia unakuja kufungua awamu ya pili ya mafunzo. Tukafurahi. Lakini dereva wako ameuliza dukani kama kitanda cha Nesi Rohini kinafunguka skrubu. Mgeni rasmi, ni mafunzo gani haya yanayohitaji kitanda? Tena umekuja na gari la viti vingi, na mmo wawili tu. Wengi wetu tumeishia sekondari, lakini hesabu ya kutoa tunaijua.

Tunasikia atapelekwa mji mkuu, Georgetown, akafundishe wenzake, na kwamba huko ni kupandishwa cheo. Tulimuuliza mwenyewe. Akasema, "Nikitumwa nitaenda." Hilo silo jibu la mtu anayetamani kwenda. Tukamwambia Anko Boodram kwamba huenda akaletewa nesi mwingine. Akasema, "Nianze tena tangu mwanzo? Mimi si redio." Akafunga mlango. Tangu Jumapili ukimwita "Ndani!" anajibu, "Hakuna mtu." Kile kiti kitupu safu ya tatu ni chake.

MAOMBI

Ni moja. Nesi abaki, na hao wanaotakiwa kufundishwa waletwe hapa. Wajifunzie kwenye madaraja yetu. Tutawalaza, tutawalisha, na wakiuliza vibaya tutawacheka kidogo kisha tutawaelekeza. Na kama mmekwisha kuamua, utujibu mbele ya watu: ule ufunguo nao unahamishwa? Anakabidhiwa nani, na Anko amekubali?

Hatukutuhumu, tunahakikisha tu. Ndiyo maana, ulipokuwa ukivishwa shada, vijana wetu wamejaza magunia ya pilipili kwenye viti vyote vya nyuma vya gari lako na kuyafunga mikanda. Ni zawadi. Kwamba kitanda hakitaingia tena, hilo limetokea tu.

Kabla hujaondoka, liache gari hapa, utembee hadi nyumba ya kijani baada ya kinu cha mpunga. Simama darajani, uite. Akikujibu hakuna mtu, usiondoke.

Mungu, kwa majina yote anayoitwa hapa, hekaluni, msikitini na kanisani, akubariki, na aushike mkono wako siku utakapoinua kalamu kusaini uhamisho wa mtu.

Imesomwa na Keshan Mootilall, katibu wa vijana, kwa niaba ya wote.

Ni sisi, wakazi wa Meergeduld. Tuko ndani.